Dondoo Muhimu: Lebo za Miteremko Mikali kwenye Michoro ya Barabara

Bukavu imejengwa juu ya vilima, mwisho wa kusini wa Ziwa Kivu, na barabara nyingi zinazopanda eneo lake la Kadutu zina miteremko ambayo mchoro wa programu ya Civil 3D unapaswa kuionyesha wazi kwa lebo nyekundu, bila msomaji kuitafuta.

1. Amua kikomo kwanza kulingana na masharti ya mradi. Kwa mfano, asilimia 12.

2. Katika fomula ya lebo, andika kikomo kwa desimali: 0.12, si 12. Ukiandika 12, hakuna lebo itakayobadilika na programu haitatoa onyo.

3. Tumia ABS, inayoondoa alama ya kutoa. Mteremko wa kushuka huhesabiwa kwa alama ya kutoa, hivyo sharti la "zaidi ya 0.12" huuruka. Hili ndilo kosa la hatari kuliko yote, maana breki za lori lenye mzigo huweza kushindwa kwenye mashukio.

4. Unda fomula chini ya aina ileile ya lebo itakayoitumia. Fomula ya profaili haitaonekana kwenye lebo za uso wa ardhi.

5. Usitegemee fomula ibadilishe rangi, kwa kuwa hutoa namba tu. Weka maandishi mawili katika lebo moja, meusi na mekundu, kisha fomula ya IF iamue kimo cha kila moja. Yasiyohitajika yapewe kimo kidogo mno, kama 0.0001.

6. Jaribu sehemu tatu: tambarare, mpando mkali na mshuko mkali.

7. Ongeza nyota kwenye maandishi mekundu, kwani nakala ya mashine isiyo na rangi huuficha wekundu.