Haki na Amani: Tujifunze kwa Jirani Mwislamu

Masomo: Mika 6:6-8, Yakobo 3:13-18

Mwezi huu twatazama jambo lisilokwepeka kwa Mkristo akaaye mjini: jirani yetu Mwislamu aifahamuje haki, na twawezaje kutengeneza amani pamoja naye? Someni kwanza masomo yaliyotajwa hapo juu.

Sisi Wakristo tukialikwa kwenye mkutano wa amani, mara nyingi twaanza na msamaha. Mwislamu aliyefundishwa vema dini yake huanza na haki. Katika Kurani, sura ya An-Nisaa (4:135), waumini waamriwa kusimama katika uadilifu hata ushahidi ukiwaangukia wao wenyewe, wazazi au jamaa zao. Al-Maida (5:8) yaongeza lililo gumu zaidi: kuwachukia watu kusikufanye uache kuwatendea haki. Na Al-Hujurat (49:9) yaagiza kwamba makundi mawili ya waumini yakipigana yapatanishwe, ila kwa uadilifu. Basi suluhu inayomwacha aliyedhulumiwa na kilio chake, kwake si suluhu. (Maneno haki, amani, dhuluma na hakimu tumeyapata kutoka Kiarabu, nayo yamejaa katika Biblia yetu.)

Tuchukue mfano wa mji wa Kaduna, kaskazini mwa Nigeria. Mwaka 1992 Waislamu na Wakristo walipigana vibaya katika jimbo hilo. Mchungaji James Wuye alipoteza mkono wake wa kulia. Imamu Muhammad Ashafa alipoteza mwalimu wake mzee wa dini pamoja na ndugu zake wawili. Kila mmoja aliongoza vijana wa upande wake, na kila mmoja alitamani kulipiza kisasi.

Kilichomgeuza Ashafa ni hotuba ya Ijumaa msikitini, iliyosimulia jinsi Mtume Muhammad alivyopigwa mawe na watu wa Taif, naye akakataa waangamizwe. Wako wanaodhani kwamba msamaha ni wa Wakristo peke yao. Sivyo. Wuye naye alionywa na mchungaji mwenzake kwamba hawezi kumhubiri Kristo huku moyo wake umejaa chuki. Mwaka 1995 wawili hao walianza kufanya kazi pamoja, wakaanzisha kituo cha upatanishi.

Tusidhani mambo yalikwenda laini. Mwaka 2000, habari ya kuleta sharia katika jimbo ilipozuka, waliuawa watu zaidi ya 1,000. Wengi walihama: Waislamu wakaelekea kaskazini ya Mto Kaduna, Wakristo kusini, mto ukawa kama mpaka. Hapa ndipo haki ilipodai nafasi yake, kwani kuombana radhi peke yake kusingejibu swali la nani ahukumiwe kwa sheria gani. Mwaka 2001 serikali ya jimbo iliweka mahakama za sharia kwa Waislamu na mahakama za mila kwa wengine. Agosti 2002 viongozi wa dini zote mbili walitia sahihi Azimio la Amani la Kaduna, lakini Novemba mwaka huohuo damu ikamwagika tena. Wapatanishi hawakuacha kazi.

Baada ya ghasia za uchaguzi wa Kenya za 2007 na 2008, Ashafa na Wuye walifika Burnt Forest katika Bonde la Ufa, wakawasikiliza Wakalenjini na Wakikuyu. Kazi hiyo imeonyeshwa katika filamu An African Answer.

Katika kikundi chenu, someni tena Yakobo 3:18 na mweke kando yake mafundisho ya Al-Maida 5:8 tuliyoyataja. Kisha ulizaneni: katika mtaa wetu ni nani asemaye kwamba ameonewa, awe Mkristo au Mwislamu, na ni nani kati yetu aliyekwenda kumsikiliza? Msikimbilie kujibu. Mkiweza, mwalikeni mwalimu wa madrasa iliyo jirani aje aeleze mwenyewe, nanyi mtayarishe chai.