Tairi la Akiba: Kamili au Jembamba?

Mnunuzi wa gari lililotumika hukagua injini, bodi, rangi na idadi ya kilomita. Ni wachache wanaofungua buti, wakainua zulia na kulitazama tairi la akiba. Wengi hulitazama kwa mara ya kwanza siku ya pancha, mara nyingi usiku na mbali na gereji, na hapo ndipo hugundua kwamba ni jembamba kuliko mengine, halina upepo, au halipo kabisa.

Katika somo hili tunaeleza tofauti ya tairi la akiba kamili na jembamba, kisha tunaonyesha namna ya kuchagua. Mfano wetu ni Iguguno, mkoani Singida. Mji huo mdogo uko kando ya barabara kuu ya lami itokayo Singida kuelekea Nzega na Mwanza. Papo hapo ni mlango wa kuingilia vijiji vya Wilaya ya Mkalama kwa barabara za changarawe na udongo. Mwenye gari wa Iguguno hukutana na hali zote mbili, wakati mwingine ndani ya siku moja.

1. Utakachokikuta kwenye buti

*Tairi kamili* lina upana, kimo na rimu ya ukubwa uleule wa matairi manne yanayotembea. Likiwa zima, gari huendeshwa nalo kama kawaida.

*Tairi jembamba* limetengenezwa kwa matumizi ya muda mfupi tu. Magari mengi madogo yanayoletwa kutoka Japani huja nalo, kwa kuwa ni jepesi na huacha nafasi kubwa ya mizigo. Utalitambua kwa upana wake mdogo na kwa herufi T mwanzoni mwa namba zake, kwa mfano T125/70D15.

*Dawa ya kuziba pancha* pamoja na pampu ndogo ya umeme huwekwa katika baadhi ya magari mapya badala ya tairi. Dawa hiyo huziba tundu dogo la msumari kwenye uso wa tairi, lakini haiwezi kuziba tairi lililochanika ubavuni. Aidha, ina tarehe ya mwisho wa matumizi, na katika gari lililotumika kwa miaka mingi huenda tarehe hiyo imepita.

2. Mipaka ya tairi jembamba

Tairi jembamba si tairi bovu. Ni msaada wa kukufikisha kwa fundi, na msaada huo una masharti.

*Mwendo.* Matairi mengi ya aina hii yameandikwa ubavuni kwamba yasizidishe kilomita 80 kwa saa.

*Umbali.* Watengenezaji wengi wanashauri yasitumike zaidi ya kilomita 80 hivi. Soma kitabu cha gari lako, kwa sababu ukomo hutofautiana.

*Upepo.* Hapa ndipo wengi hukosea. Tairi la kawaida la gari dogo hujazwa takriban PSI 30 hadi 35, ilhali jembamba huhitaji PSI 60, yaani kPa 420. Fundi asiyeelezwa atalijaza kama mengine, na tairi hilo litalegea chini ya uzito wa gari. Mwambie kipimo kabla hajaanza, umwonyeshe maandishi ya ubavuni.

*Barabara.* Sehemu yake inayogusa ardhi ni ndogo, hivyo breki hushika kidogo kuliko kawaida, hasa penye mchanga, tope au changarawe. Kwa kuwa mara nyingi kimo chake nacho ni kidogo, upande huo wa gari hushuka na kuwa karibu zaidi na mawe. Anayetoka Iguguno kuelekea Shelui hana budi kuteremka mlima Sekenke. Akiwa na tairi jembamba, aanze mteremko kwa gia ndogo na mwendo wa pole, asitegemee breki peke yake.

*Mahali pa kulifunga.* Katika gari linaloendeshwa na magurudumu ya mbele, haifai kulifunga mbele. Ikiwa pancha ni ya mbele, hamishia mbele tairi zima la nyuma, kisha funga jembamba nyuma. Kwa gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne, fuata kitabu chake, kwa sababu tofauti ya kimo inaweza kuharibu difu.

3. Kipimo cha uamuzi: umbali hadi kwenye msaada

Swali la msingi ni hili: likitokea tatizo, ni umbali gani hadi mahali ambapo tairi la saizi yako linaweza kuzibwa au kununuliwa? Kuziba na kununua ni mambo mawili. Fundi wa pancha hupatikana katika miji midogo mingi kando ya barabara kuu, lakini tairi lililochanika ubavuni halizibiki, na saizi inayotakiwa huenda isipatikane hadi mjini.

Kwa mtu anayesafiri kati ya Iguguno na Singida mjini kwa lami, umbali ni chini ya kilomita 80. Tairi jembamba lililo zima na lenye upepo kamili litamfikisha dukani. Hana sababu ya kuingia gharama.

Kwa anayekwenda Dodoma, hesabu ni nyingine. Kutoka Singida hadi Dodoma ni takriban kilomita 240. Tairi lenye ukomo wa kilomita 80 linatosha theluthi moja tu ya njia hiyo.

Kwa anayeingia vijijini kupakia alizeti au vitunguu, au kumpeleka mgonjwa hospitali, ugumu huongezeka: barabara ni ya changarawe, gari limejaa, na pancha ya pili ni jambo la kutarajiwa. Kwake tunashauri tairi kamili bila kusita. Mgonjwa hawezi kungoja dereva apande bodaboda kwenda kutafuta tairi mjini.

Lipo pia jambo linalosahaulika: tairi lililotolewa. Shimo la tairi jembamba kwa kawaida halitoshi tairi kamili. Ukifunga jembamba, lile lenye pancha litahitaji nafasi juu ya mizigo au miguuni mwa abiria.

4. Ukiamua kuweka tairi kamili

Hakikisha rimu ina idadi ileile ya matundu ya nati na nafasi ileile kati yake, na kwamba saizi ya tairi ni sawa na ya matairi yanayotembea. Ikiwa gari lina rimu za aloi na ya akiba ni ya chuma, uliza kama nati zilezile zitakaa sawasawa, maana baadhi hazifai kwa rimu zote mbili. Jaribu kulifunga palepale dukani, ulizungushe, kisha ulirudishe kwenye buti. Lisipoingia shimoni, lifungwe imara kwa mkanda. Tairi lililo huru hugeuka hatari gari linapofunga breki ghafla.

5. Umri na upepo

Tairi huzeeka hata lisipotembea. Tafuta ubavuni herufi DOT na usome tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Michelin, kwa mfano, hushauri tairi lolote liondolewe linapotimiza miaka 10 tangu kutengenezwa, likiwamo la akiba, hata kama linaonekana jipya. Tairi la akiba la gari la mwaka 2008 ambalo halijabadilishwa limekwishapita umri huo.

Upepo nao hupungua taratibu. Pima tairi la akiba kila mwezi na kabla ya kila safari ndefu.

6. Kabla ya kulipa

Muuzaji hakukosei kwa kukuuzia gari lenye tairi jembamba, maana huenda ndivyo lilivyotengenezwa. Anakukosea akikwambia kwamba tairi ni kamili, au ni jipya, ilhali sivyo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu hali na ubora wa bidhaa, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Kwa hiyo:

• Omba tairi la akiba litolewe nje ulione, pamoja na jeki na spana ya nati.
• Andika katika mkataba aina, saizi na mwaka wa tairi hilo.
• Ukinunua tairi au rimu peke yake, dai risiti ya EFD na uitunze. Bila risiti ni vigumu kuthibitisha lalamiko lako.

7. Zoezi la wiki hii

Fungua buti la gari lako mchana, mahali tambarare. Soma saizi, tarakimu za DOT na kipimo cha upepo, uviandike kwenye karatasi na kuiweka ndani ya gari. Kisha jaribu kulegeza nati moja kwa spana uliyonayo na kuikaza tena. Ikiwa nati haitoki, au spana haiingii, umelijua tatizo ukiwa nyumbani, ambako fundi yuko karibu na mwanga upo. Mwisho, taja safari ndefu kuliko zote unazofanya kwa mwaka, na ujiulize kama tairi ulilolisoma sasa hivi lingeweza kukurudisha.