Hesabu safari, si kilomita: kupanga nyumba Pemba ukitokea Diaca

Mtu wa Diaca anayetaka kupanga nyumba Pemba ya Msumbiji huuliza kwanza bei, kisha ukubwa wa ua. Maswali yote mawili ni ya haki, na yote mawili yanampeleka pabaya. Kodi ndogo na ua mpana hukaa pamoja, na mahali pao ni pembezoni mwa mji, Muxara au huko Expansão, ambako mabati mapya bado yanameta na mwembe wa uani haujafika kiunoni. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba nyumba hiyo ya bei rahisi mara nyingi ndiyo ghali kuliko zote, na kwamba vyumba viwili vya uani kwa mtu, Cariacó au upande wa juu wa Natite, vinaweza kukuachia pesa zaidi mwisho wa mwezi. Habari za kukagua kitasa na kuuliza deni la umeme nitaziruka, kila mtu anazijua.

Diaca ni mji wa barabara. Ni posto ya utawala katika wilaya ya Mocímboa da Praia, kwenye njia ya kwenda Mueda, na watu wake kwa vizazi walijenga, hawakupanga. Ukihitaji nyumba unakata miti, unakandika udongo, unaezeka, ndugu wanakusaidia, basi. Vita vilivyoanza Mocímboa tarehe 5 Oktoba 2017 vilivunja mpango huo. Mji wa Mocímboa ulianguka Agosti 2020 na kurudishwa Agosti 2021, na kufikia 2022 watu waliokuwa wamehama makwao kaskazini mwa Msumbiji walikaribia milioni moja. Wengi wao hawakukaa kambini, walipokelewa na jamaa. Lakini ukarimu wa jamaa una mwisho wake, na ukifika mwisho mtu analazimika kutafuta nyumba ya kupanga bila kuwa na ujuzi wowote wa kurithi. Hakuna bibi wa Diaca aliyemfundisha mjukuu wake namna ya kuikagua nyumba ya mtu mwingine. Ndiyo maana watu werevu kabisa, wanaojua udongo upi unafaa muhogo kwa kuutazama tu, wanadanganyika wakionyeshwa vyumba vitatu na choo.

Sasa hesabu yenyewe. Chukua familia ya watu sita na uandike safari zao za wiki moja, za kwenda na kurudi. Tuseme maji hayatoki bombani kila siku, jambo ambalo Pemba si la kushangaza, na watu wawili wanachota kwa jirani mara tatu kila mmoja kwa siku: safari 42. Sokoni kila siku, maana bila friji samaki hanunuliwi wa wiki: safari 7. Watoto watatu shuleni siku tano: 15. Baba kazini siku sita: 6. Jumla ni 70, na hapo sijaweka msikiti, kanisa, zahanati wala msiba. Tazama tarakimu ya baba. Safari za kazini ni 6 kati ya 70, lakini ndizo zinazoamua nyumba ipangwe wapi, kwa sababu baba ndiye anayefuatana na dalali. Kama ingepigwa kura ya miguu, mama na binti wangeshinda kwa mbali, na familia ingekaa karibu na bomba na soko, baba akatembea nusu saa asubuhi kwenye ubaridi. Kwa hiyo kanuni ni moja: pima ukaribu kwa idadi ya safari. Kinachofuatwa mara nyingi kiwe karibu sana, kinachofuatwa mara moja kwa mwezi kiwe hata mtaa wa mbali kama Wimbe ukitaka.

Weka na pesa. Tuseme nauli ya chapa, daladala ya huku, ni metikali 15. Baba kwa siku 26 anatumia 780. Mama akienda sokoni kwa chapa siku moja moja, mara 13 kwa mwezi, ni 390. Watoto wawili wa sekondari kwa siku 22 ni 1,320. Hiyo ni 2,490, na kama chapa haifiki na inabidi kubadili njiani, zidisha mara mbili. Badilisha nauli uweke ya siku unaposoma haya, sura ya hesabu itabaki ileile. Hiyo ndiyo kodi ya pili, na ubaya wake ni kwamba haisubiri mwisho wa mwezi. Mwenye nyumba unaweza kumwomba siku kumi, kondakta humwombi hata dakika moja.

Madalali wanalijua hili vizuri, ndiyo maana hawasemi kilomita. Wanasema dakika. “Dakika tano tu hadi soko,” na dakika hizo ni za txopela, bajaji ya huku, tena saa ambayo barabara ni tupu. Sina chuki na madalali, kazi yao ni ngumu na wengine ni waaminifu, ila lugha yao ilikuzwa kipindi cha gesi. Baada ya gesi kugunduliwa bonde la Rovuma mwaka 2010, nyumba za upande wa Wimbe zilianza kutajwa kwa dola, na mtu mwenye gari la kampuni kweli hakujali kama soko liko mbali. Palma iliposhambuliwa Machi 2021 na mradi wa gesi ukasimamishwa mwezi uliofuata, wapangaji hao waliondoka, lakini maneno yao yalibaki midomoni mwa madalali: “tulivu”, “hewa ya bahari”, “dakika tano”. Mimi ningeanza kwa katibu wa bairo, yaani wa kitongoji cha mji, kabla ya dalali. Ardhi Msumbiji ni mali ya serikali kwa katiba, haiuzwi, kwa hiyo mwenye nyumba anakupangisha kuta na paa, na anayejua kuta hizo ni za nani, na ndugu gani wanazigombania, ni katibu na viongozi wa mtaa walio chini yake. Isitoshe, aliyekimbia bila vitambulisho atahitaji barua ya bairo kwa mambo mengine mengi. Heri katibu amjue mapema.

Najua jibu la mtu wa Diaca: mimi nimezoea kutembea saa mbili kwenda shambani, Muxara itanishinda nini? Ni hoja nzito, na haijibiwi kwa kumwambia amezeeka. Tofauti haiko kwenye urefu wa njia. Shambani unakwenda mara moja kwa siku, alfajiri, na unarudi na chakula kichwani, yaani njia yenyewe imekulipa. Mjini unatembea mara kumi kwa siku, nyingine saa sita mchana juu ya mchanga usio na mti, nyingine usiku na mtoto mwenye homa, na unarudi na kile ulichokilipia. Anayekwenda Paquitequete kununua samaki wakati mashua zinaingia anapata bei ambayo hataipata huko juu mchana, samaki akishapita mikono mitatu. Lakini mashua huingia kwa maji na upepo, hazifuati ratiba ya chapa. Aliye karibu anaona tanga, anachukua kikapu, anashuka. Aliye Muxara anasikia habari.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni maji ya mvua, na hapa sitabishana, nitakubali kwanza. Kimbunga Kenneth kilipopiga tarehe 25 Aprili 2019, mvua za siku zilizofuata zilizamisha mitaa ya karibu na katikati, Natite ikiwa mstari wa mbele, na mwanzoni mwa Mei kipindupindu kikatangazwa. Paquitequete iko chini, kwenye ncha ya rasi, na imebanana. Oktoba 2020 maelfu ya wakimbizi walishukia ufukweni pake kwa mashua, nyumba zikajaa kuliko zilivyokuwa zimejaa. Anayesema mitaa ya kutembea kwa miguu ndiyo mitaa ya mafuriko anasema kweli nusu. Nusu iliyobaki ni kwamba jina la bairo halizami, kinachozama ni bonde. Ndani ya Natite hiyohiyo kuna nyumba iliyojaa maji hadi dirishani na nyingine mwendo wa dakika mbili juu yake ambamo watoto walilala pakavu.

Kuzitenganisha ni kazi ya macho, na ndiyo ujanja ninaoutetea kuliko mwingine wowote: usome ukuta. Maji yakisimama ndani ya nyumba huacha mstari, na chumvi hupanda juu ya mstari huo kwa miezi. Inatoka kama unga mweupe, chokaa inavimba kisha inabanduka kwa vipande, mara nyingi kwa kimo kimoja chumba kizima. Pitisha kiganja kuanzia sakafuni kwenda juu. Kama sehemu ya chini ni baridi na inaacha unga mkononi, na ya juu ni kavu, umeshajua maji yalifika wapi. Rangi mpya iliyopakwa nusu ya chini pekee usiiamini hata ikiwa nzuri. Mwenye nyumba hupaka pale penye aibu. Kisha toka nje, tazama miguu ya mlango, mbao hazidanganyi, na angalia jirani ameweka wapi gunia la mpunga: likiwa juu ya matofali matatu, hayo matofali yana sababu. Kwa nyumba za karibu na pwani ongeza jambo moja. Nenda siku ya bamvua. Bahari ya Pemba hupanda na kushuka karibu mita nne siku hizo, na mtaro ambao siku ya maji mafu unamwaga vizuri, siku ya bamvua unarudisha. Mvua ikinyesha bamvua likiwa limejaa, maji ya mtaani hayana pa kwenda. Nyumba iliyo kavu saa hiyo ni kavu mwaka mzima.

Huko pembezoni nako hakuna kinga ya hali ya hewa, jambo ambalo wanaokimbia bonde hulisahau. Kimbunga Chido cha tarehe 15 Desemba 2024 kilitua Mecúfi, kusini mwa Pemba, na upepo haukuuliza nani anakaa juu. Nyumba iliyo peke yake kwenye kiwanja kitupu hupokea upepo wote, na bati lililopigiliwa misumari michache huondoka zima.

Kuhusu ua, nakiri sina jibu la kuridhisha. Mtu aliyezoea kuku, muhogo na kivuli chake mwenyewe hawezi kuambiwa vyumba viwili vya uani kwa mwenzake ni sawa, na wageni kutoka nyumbani wakija watalala wapi? Ila wageni hao nao wana miguu. Wanakuja mjini kwa hospitali, kwa karatasi, kwa kutafuta kazi, na kila asubuhi watakuuliza nauli. Kama una pesa ya ua na ya nauli zao, Expansão inakungoja.

Kama huna, ngoja mwezi uandame. Siku ya pili au ya tatu yake, maji yakijaa, shuka Paquitequete, kisha upande Ingonane, Natite na Cariacó kwa miguu, ukiwa na ndoo iliyojaa mkononi. Dalali mwambie aje kesho.