SOMO LA VYOMBO: Kugawa Sauti kati ya Spika na Sabufa Ndogo

Wengi mmetuuliza jambo moja: kanisa likishapata sabufa, kwa nini wimbo unasikika mzito na mzuri, lakini mahubiri hayaeleweki tena? Mfano wetu ni kanisa dogo la mabati huko Gitambi, wilayani Rusizi, kwenye milima ya juu ya bonde la Bugarama. Vyombo vyake ni vile vile vilivyo katika makanisa mengi ya wakimbizi na ya wenyeji: mixa ndogo, amplifaya, spika mbili (bafle, kama wengi wetu tunavyoziita) zenye wufa ya inchi 12 na twita, na sabufa moja ndogo.

Jambo hili si la mapambo. Vyombo vimenunuliwa kwa sadaka za watu wasio na kitu, na twita ikiungua hakuna wa kuilipia. Pia ibada zetu zina mkalimani. Mzee aliyeketi nyuma anapokosa neno la mhubiri na la mkalimani pia, amekaa saa mbili bure. Neno lisiloeleweka halimjengi msikilizaji.

1. SAUTI NI MAWIMBI

Sauti huhesabiwa kwa mawimbi kwa sekunde, yaani Hz. Sikio zuri la kijana husikia toka Hz 20 hadi Hz 20,000. Gitaa la besi lenye nyuzi nne huanzia Hz 41. Msingi wa sauti ya mwanamume anayesema huwa kama Hz 85 hadi 180, na wa mwanamke kama Hz 165 hadi 255. Lakini herufi zinazotofautisha maneno, kama s, sh, f, t na k, nguvu yake iko juu zaidi, kuanzia Hz 2,000 na kuendelea. Kwa hiyo besi ikizidi haiongezi hata neno moja. Inayafunika.

2. KAZI YA KROSOVA

Krosova ni mgawaji. Sauti za chini inazipeleka kwenye sabufa, za juu kwenye spika. Bila krosova, wufa ya spika huhangaika na besi isiyoiweza, na sabufa hujaribu kusema maneno, ikatoa sauti ya mtu aliye ndani ya pipa.

Mpaka tuuweke wapi? Soma nyuma ya spika au katika karatasi yake: imeandikwa inaanzia Hz ngapi. Weka mpaka juu kidogo ya hapo. Kwa spika za inchi 12 na sabufa ndogo, Hz 100 ni mahali pazuri pa kuanzia. Usishuke chini ya 80, wala usipande sana kupita 120. Ukipita hapo, watu wataanza kutambua kwamba sauti ya mhubiri inatoka sakafuni.

Mpaka si ukuta, ni mteremko. Krosova nyingi za kisasa hutumia mteremko wa desibeli 24 kwa kila okteva (okteva ni pale Hz zinapozidishwa mara mbili au kugawanywa kwa mbili). Aina inayojulikana zaidi ni ya Linkwitz na Riley, iliyotangazwa mwaka 1976. Penye mpaka kila upande unakuwa umeshuka desibeli 6, na pande mbili zikikutana vizuri zinakamilisha sauti bila shimo wala kilima. Ukikuta aina hiyo kwenye krosova yako, ichague pande zote mbili, na Hz zile zile.

Kuna mpaka wa pili ambao wengi wanausahau: wa chini kabisa. Sabufa ndogo yenye tundu haiwezi Hz 20 au 25. Ukiipelekea, karatasi yake hucheza sana bila kutoa sauti ya maana, mpaka koili igonge. Kata kila kitu chini ya Hz 35 au 40. Hakuna atakayeona upungufu, na sabufa itaishi.

3. KAMA HAMNA KROSOVA

Msikate tamaa. Sabufa nyingi zenye amplifaya yake ndani zina krosova ndogo nyuma; tumieni hiyo. Kisha, kama mixa ina njia ya pembeni, yaani ile ya kupelekea waimbaji sauti yao, ipelekeeni sabufa kwa njia hiyo. Ingizeni humo gitaa la besi, kinanda na ngoma ya mguu tu. Maikrofoni isiingie kamwe. Na kila maikrofoni yenye kitufe cha kukata besi, kibonyezeni kikae hivyo. Upepo, pumzi na mtikisiko wa jukwaa vitabaki nje.

4. UMBALI NA WAYA

Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Sabufa ikiwa mita 2 nyuma ya spika, besi yake huchelewa karibu sekunde 6 za elfu moja, na penye mpaka zitagombana. Dawa rahisi ni kuiweka sabufa sambamba na spika. Kama krosova ina uwezo wa kuchelewesha, chelewesha spika kwa kiasi hicho.

Sasa pima waya. Huhitaji chombo cha gharama. Uzi mwembamba kuliko zote wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutoa Hz 98, karibu kabisa na mpaka wetu wa 100. Mmoja aupige kwa nguvu ile ile, mwingine asimame katikati ya kanisa. Zimeni amplifaya, geuzeni waya mbili za sabufa, washeni, mpige tena. Sabufa yenye amplifaya ndani haina waya hizo, lakini nyingi zina kitufe cha kugeuza. Hali itakayotoa sauti iliyojaa zaidi ndiyo sahihi. Iwekeeni alama ya rangi ili kila Jumapili iunganishwe hivyo hivyo.

Pia angalieni pembe. Sabufa ikiwekwa kwenye kona, kuta mbili na sakafu huiongezea nguvu. Hilo husaidia wenye umeme mdogo wa jua au jenereta, lakini mkiweka hivyo mpunguze kiasi.

5. IKWALAIZA: PUNGUZA KABLA YA KUONGEZA

Vitelezi vyote vianze katikati, penye sifuri. Mnaoinua pembeni na kushusha katikati ili vifanane na tabasamu, acheni. Kuongeza desibeli 3 ni kudai nguvu mara mbili kutoka kwenye amplifaya. Desibeli 6 ni mara nne. Desibeli 10 ni mara kumi. Nguvu hiyo mtaitoa wapi? Taa nyekundu ikiwaka mfululizo, vichwa vya mawimbi vinakatwa, na twita hupokea moto isioumbiwa.

Fuateni hatua hizi:
a) Nyumba ya mabati ikinguruma, punguza kati ya Hz 200 na 400, desibeli 3 kwanza.
b) Spika ikipiga mluzi, kwanza sogeza maikrofoni iwe nyuma ya spika na karibu na mdomo. Kisha pandisha taratibu mpaka mluzi uanze, tafuta kitelezi chake, kishushe desibeli 3. Vitelezi vitatu au vinne vikishatumika, simama. Zaidi ya hapo unaharibu sauti ya mtu.
c) Mlio wa nzi usiokoma kwenye Hz 50 au 100 hutoka kwenye umeme. Tafuteni waya mbovu au muunganiko mbaya. Msiufiche kwa ikwalaiza.
d) Pimeni tena watu wakishajaa. Miili na nguo hunyonya sauti za juu, na kanisa tupu la Jumamosi si kanisa la Jumapili.

6. MTIHANI WA MANENO

Msomaji asimame penye maikrofoni na kutaja bila mpangilio: pika, fika, shika, zika, lika. Mwingine akae kiti cha mwisho, asimtazame mdomo, aandike anachosikia. Wafanye mara 20. Akikosea mengi, shusheni sabufa kidogo, punguzeni tena Hz 200 hadi 400, mrudie. Huu ndio mtihani wa kweli wa mitambo, kuliko wimbo unaowapendeza vijana waliosimama mbele.

7. JIRANI NAYE ANASIKIA

Besi haizuiliwi na ukuta wa udongo wala hema. Juu ya milima kama ya Gitambi huvuka bonde na kuingia kwa mgonjwa na kwa mtoto aliyelala. Mwaka 2018 mamia ya makanisa yalifungwa mjini Kigali, na kelele ilikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Kwa hiyo baada ya kupanga vyombo, mmoja atoke nje, atembee hadi nyumba ya jirani. Kama besi inasikika kuliko neno, shusheni. Sisi tulio wageni katika nchi za watu tuna sababu zaidi ya kulinda amani na majirani.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini maikrofoni isiingie kwenye sabufa?
2. Spika zako zinaanzia Hz ngapi, na mpaka utauweka wapi?
3. Ukiongeza desibeli 6 kwenye besi, amplifaya inadaiwa nguvu mara ngapi?
4. Katika kanisa lenu, ni nani anayekaa kiti cha mwisho, na ameulizwa lini kama anasikia?

Jadilianeni swali la nne pamoja na waimbaji na wakalimani.