Maji Moto ya Natron: Kabla ya Kufunga Safari



Sisi wa Njoro tumekulia kwenye chemchemi. Wazee husema hata jina Njoro limetoka kwa Wamaasai, na maana yake ni mahali maji yanapotoka ardhini. Maji yetu hushuka hadi kwenye mashamba ya mpunga ya Mabogini. Basi mtu wa Njoro akisikia neno chemchemi, haogopi. Atavua viatu na kuingia. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Kikundi chetu cha waliomaliza kisomo kilianza kwa kwenda Chemka, kule Rundugai, wilaya ya Hai. Wengi mnapajua. Unapita Boma Ng'ombe, unashuka kwenye tambarare kavu yenye vumbi, halafu ghafla unakuta miti mikubwa na maji ya bluu. Watu hupaita Maji Moto, lakini maji yale si ya moto, ni vuguvugu tu. Hatari ya Chemka ni kina: asiyejua kuogelea akae pembeni, kwenye maji mafupi. Tulioga, tukafurahi. Ndipo mmoja wetu akasema, "Hayo si maji moto. Twendeni Natron tukaone maji moto ya kweli."

Tukaenda. Tunawaandikia ili mkienda ninyi msirudie makosa yetu.

Ziwa Natron liko kaskazini mwa mkoa wa Arusha, karibu na mpaka wa Kenya. Kutoka Moshi unapita Arusha, Makuyuni, mpaka Mto wa Mbu. Hapo unaacha lami na kufuata barabara ya vumbi na mawe, zaidi ya kilomita 100, mpaka kijiji cha Engare Sero. Njiani unauona mlima Oldoinyo Lengai, ambao Wamaasai huuita Mlima wa Mungu. Ni volkano iliyo hai. Ililipuka mwaka 2007 na 2008.

Kwa nini maji ya huko ni moto? Nchi ile imo ndani ya Bonde la Ufa. Hapo ardhi imepasuka, na mawe yenye joto kali hayako mbali sana chini. Mvua inapozama ardhini hukutana na mawe hayo, hupata moto, kisha hupanda juu tena kupitia kwenye nyufa. Ikipanda huja na magadi na chumvi nyingine ilizoziyeyusha. Kwa hiyo maji yale yana ubaya wa namna mbili: joto na magadi.

Kwanza joto. Baadhi ya macho ya maji kule Natron hufika nyuzi 50. Kwenye Ziwa Bogoria, nchini Kenya, mambo ni makali zaidi: maji yanatokota kabisa, na watalii wamezoea kuchemshia mayai humo. Sasa hesabu hivi. Maji ya nyuzi 50 huunguza ngozi kwa dakika chache. Ya nyuzi 60 huunguza kwa sekunde kama 5 tu. Tamka moja, mbili, tatu, nne, tano. Umekwisha kuungua. Na ngozi ya mtoto au ya mzee huungua upesi zaidi.

Tena maji ya moto hayana alama. Yanaweza kuwa meupe na matulivu kama ya kisimani. Mwenzetu mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, alikuwa amekwisha inua mguu. Kijana wa Kimaasai aliyetuongoza akamshika mkono: "Mzee, hapo hapana." Akachota kwa kopo alilolifunga kwenye fimbo ndefu. Tukaona mvuke. Hatua kumi mbele yake palikuwa na maji ya kuoga raha mustarehe. Nani angejua? Mwenyeji ndiye anajua. Kwa hiyo usiende bila mwenyeji, na umlipe bila kunung'unika.

Ardhi yenyewe pia hudanganya. Pembezoni mwa ziwa kuna ganda jeupe la magadi. Ukiliangalia unaona sakafu. Chini yake ni tope, na pengine tope la moto. Heroe, wale ndege warefu wa rangi ya waridi, hutaga mayai katikati ya ziwa kwa sababu fisi na mbweha hawawezi kupita kwenye tope lile. Kama fisi ameshindwa, wewe na kandambili zako utapita? Vaa viatu vilivyofunika mguu. Kanyaga alipokanyaga kiongozi wenu. Mtoto ashikwe mkono muda wote.

Maji hayo usiyanywe. Usiyatie machoni, wala usioge ukiwa na kidonda. Kuna waliosema, "Tutayachemsha." Hapana. Kuchemsha huua vijidudu, lakini magadi hayaondoki. Hata floraidi, ile inayofanya meno ya watu wa kwetu kuwa ya kahawia, haiondoki kwa kuchemsha. Maji yanapungua sufuriani, yenyewe inabaki.

Lakini kilichotutisha kuliko vyote hakikuwa maji. Kilikuwa jua. Natron iko chini kuliko Moshi, na mchana joto la hewa huweza kupita nyuzi 40. Mti wa kivuli hauonekani. Tulichelewa kuondoka kijijini, kwa hiyo tulifika ziwani saa tano asubuhi, wakati wenye akili wanarudi. Mwenzetu mmoja alikuwa amekunywa mbege usiku, na asubuhi hakunywa hata kikombe cha maji. Akaanza kulalamika kichwa. Kisha misuli ya miguu ikamkaza. Kisha akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, na alipoulizwa jina la mkewe hakulijua.

Jamani, dalili hiyo ya mwisho si mchezo. Mtu wa namna hiyo anaweza kufa. Tulimbeba mpaka kwenye kivuli cha gari, tukamvua shati, tukamlowesha mwili mzima na kumpepea kwa kanga. Kiongozi wetu alitukataza kumnywesha, maana mtu aliyepotewa na fahamu hupaliwa. Alipopata nafuu, akaanza kutuita kwa majina, ndipo tukampa maji kidogo kidogo. Tukamkimbiza kwenye matibabu. Leo ni mzima, lakini mbege haitajwi mbele yake.

Ukiona mwenzako ana kichwa na kizunguzungu tu, usingoje afike huko. Mpeleke kivulini, mpe maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe vya msawazo, si vya kilima.

Na mtu akiungua? Mwagilia palipoungua maji safi ya baridi kwa dakika 20. Vua pete na bangili kabla hapajavimba. Funika kwa kitambaa safi, kisha hospitali. Samli, dawa ya meno na majivu usipake. Tunajua bibi zetu walipaka. Vinashika joto ndani na kuchafua kidonda.

Basi nendeni alfajiri, muwe mmeondoka ziwani kabla ya saa nne asubuhi. Mwambieni mwenyekiti wa kijiji mnakwenda wapi na mtarudi saa ngapi, kwa kuwa simu huko ni ya kubahatisha. Gari likiharibika, msiliache na kuanza kutembea. Gari huonekana kwa mbali kuliko mtu.

Sasa chukua kalamu. Abiria ni 6. Mtakaa siku 2. Kila mtu anahitaji lita 5 za kunywa kwa siku. Ongeza dumu 1 la lita 20, la akiba ya kuungua au gari kuharibika. Mtabeba madumu mangapi ya lita 20? Kabla hujajibu, angalia kama umemhesabu dereva. Sisi tulimsahau.