Ngisi na Minyoo: Upishi Ulio Salama

Ngisi wa bahari kuu hula uduvi, samaki wadogo na hata ngisi wenzao. Kwa chakula hicho humeza minyoo michanga iitwayo anisakisi, ambayo hukomaa tumboni mwa nyangumi na pomboo. Binadamu huipata kwa kula ngisi au samaki mbichi, au asiyeiva barabara. Haiambukizwi kutoka mtu hadi mtu.

Jikoni
Ngisi anayeuzwa Minneapolis na Saint Paul hutoka mbali. Apikwe hadi joto la ndani lifikie nyuzi 145 za Farenhaiti (63 za Selsiasi). Ndimu, siki na chumvi si badala ya moto. Kugandisha huua minyoo kwa siku 7 katika nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri, lakini huenda friza ya nyumbani isifikie baridi hiyo.

Dalili
Maumivu makali ya tumbo, kichefuchefu au kutapika saa chache baada ya mlo: mgonjwa amwone daktari na ataje alichokula. Daktari huweza kumtoa mnyoo kwa mpira mwembamba wenye kamera. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, ipigwe 911 mara moja.