Mzigo umepotea, unataka kumkata msaidizi mshahara? Soma kwanza

Wauzaji wenzangu wa Kahama, Geita na Katoro, swali hili naletewa sana inboksi: binti wa kufunga mizigo kaandika namba ya mteja vibaya, viatu vya 95,000 vimepotelea kwenye basi. Nimkate?

Unaweza, ila si kienyeji. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, inataka kosa liwe lake kweli na liwe limetokea akiwa kazini. Mwandikie hasara imetokeaje, ni shilingi ngapi na umeipigaje hesabu, kisha mpe nafasi ya kujitetea. Usiweke cha juu. Na makato yasizidi robo ya mshahara: anayelipwa 320,000, mwisho 80,000. Basi likipoteza mzigo ulioandikwa sawasawa, humkati hata mia.

Najua machimboni shimo likikosa dhahabu wote mnatoka mikono mitupu. Ule ni mgao jamani, huu ni mshahara.

Na kama hukumwandikia mkataba? Akienda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kuthibitisha mlikubaliana nini ni kazi yako wewe mwajiri. Andika masharti leo, wekeni saini wote wawili, mpe nakala.